Kura ya Mbunge Imeandikwa Wapi?

Kada wa Nachingwea au Ruangwa akitaka kujua mbunge alipigaje kura juu ya haki za wapenzi wa jinsia moja, hatapata orodha. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilikaza adhabu yao. Lakini miswada yetu kwa kawaida huamuliwa kwa sauti, “ndiyo” au “siyo”. Ni bajeti inayopigiwa kura jina kwa jina. Hivyo kifungo cha mtu huamuliwa bila jina la mwamuzi. Zimebaki Taarifa Rasmi za mijadala, nasi twasisitiza zisomwe, ingawa ukimya si kura. Huko Uganda, Agosti 2014, mahakama ilifuta sheria ya namna hiyo kwa kuwa akidi haikutimia bungeni. Mwaka 2023 Fox Odoi-Oywelowo alipinga mswada mpya kwa maandishi. Wapiga kura wake wana cha kumhoji.