Waya wa Baharini na Vyondo Vyetu

Katika ziara zetu za Mei 2024, kina mama wa kikundi kimoja cha vyondo walitupokea kwa malalamiko. Mnunuzi wao wa Ujerumani alikuwa ametuma picha ya rangi anazotaka, na picha haifunguki. Katibu, ambaye ndiye hushika simu ya kikundi, alikuwa ameshaanza kushukiwa kwamba amekula pesa za bando. Wengine walitaka atolewe.

Kumbe kosa halikuwa lake! Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki, Tanzania hata zaidi yetu.

Wengi hudhani ujumbe hupaa hewani mpaka Ulaya. La. Hewani hupita kutoka simu yako mpaka mlingoti wa karibu tu. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na bei ilikuwa kali. Mwaka huo waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na Seacom ukaanza kazi. EASSy ukaja 2010. Ndani mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na ujumbe husafiri humo kama mwanga.

Sasa, waya kama EASSy hauna mwenyewe mmoja. Makampuni ya simu ya nchi nyingi yalichanga, kama sisi tunavyochangia tangi la maji, na yakapatana mapema nani atatengeneza ukiharibika. Ndiyo maana meli ilitoka Cape Town kwenda kuunga.

Sisi tulipendezwa na kifungu kimoja cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982: mvuvi akiacha nanga au wavu wake uzame ili asiharibu waya, na alikuwa amechukua tahadhari zote, mwenye waya sharti amlipe. Vikundi vya wavuvi pwani mlijue hilo, maana nanga na nyavu ndizo hukata nyaya nyingi.

Kina mama wale sasa huandika kila bando katika daftari la matumizi, na mnunuzi ameombwa ataje rangi kwa ujumbe mfupi pia. Katibu tulimwombea msamaha, akabaki. Lakini simu ile amekataa kuishika tena.