Nani Hana Bima? Sehemu ya Pili: Afya

Juma lililopita tulizungumzia magari, ambako sheria haina kona: Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inakataza chombo kuingia barabarani bila bima ya kulinda watu wengine, iwe ni matatu ya Nakuru–Naivasha au pikipiki ya Njoro. Kwenye afya mambo yamechanganyika. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa, nambari anayo, na bado hana bima.

Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali. Aliyejisajili, hata kama hajatoa shilingi, hutibiwa bure kwenye zahanati au kituo cha afya, na serikali ndiyo inayogharamia. Lakini akipewa rufaa hadi hospitali kuu ya Nakuru, alazwe au apasuliwe, gharama hulipwa na mfuko wa michango, nao unamtambua aliyelipa tu. Wengi hugundua pale mapokezi kwamba hawana bima.

Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha hasumbuki sana. Mwajiri humkata asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi na kuwasilisha fedha hizo SHA (kama mwajiri ni mwaminifu). Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali, akakadiriwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, kisha akatakiwa kulipa za mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600 kwa uchache. Mkulima wa viazi wa Molo au Mau Narok, msimu ukimwendea vizuri, anaweza kuzitoa siku anapouza magunia. Mwendesha boda boda anayekula alichopata leo, tena akidaiwa pikipiki yenyewe, atazitoa wapi? Kwangu mimi hiyo ni kasoro ya mpango, wala si uzembe wa mwananchi. Serikali yenyewe ilipoleta mkopo wa kulipia mchango, Lipa SHA Pole Pole, mwaka 2025 ilikuwa inakiri jambo hilo.

Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Bili ni habari nyingine, na kwa asiyelipa huishia kwenye harambee ya jamaa na marafiki.

Basi msomaji, piga *147# leo, ukague kama mchango wako umelipwa au wewe umesajiliwa tu. Usingoje barua ya rufaa.