Maji Ndani ya Pai

Katika vuli moja iliyokutana na Idi nilijitia kupika pai ya maembe kwa ajili ya wageni wa Idi Pili, nami niliyafuata maelezo ya kitabu cha kigeni neno kwa neno: nikachanganya unga na siagi, nikautandaza katika sahani ya bati, nikajaza maembe dodo yaliyoiva hata yakachuruzika, nikafunika kwa unga mwingine, nikatia tanurini, na ilipotoka jioni ile ilikuwa na rangi ya dhahabu na harufu iliyowaleta watoto wa jirani mlangoni bila kuitwa. Asubuhi yake nilipoikata mbele ya shangazi yangu, juu palikuwa pakavu na pazuri, lakini chini hapakuwa na ganda tena, bali kitu baina ya uji na gundi. Shangazi alikiinua kipande chake kwa ncha ya kijiko, akakitazama kilivyokuwa kikidondoka, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki ni cha kula au cha kunywa?"

Aibu ile ndiyo iliyonitia katika uchunguzi wa mambo haya. Neno pai tumelitwaa kwa Waingereza, na kwa kukosa jina jingine lililoenea nitalitumia humu kwa kila andazi tamu lenye ganda la unga na kitu cha majimaji kilichotiwa ndani yake, ijapokuwa najua kuwa Mreno, Mfaransa na Mturuki kila mmoja angenung'unika kuona andazi la kwao limeingizwa katika jina la mwenziwe. Na kadiri nilivyozidi kuyatazama mapishi ya kaumu mbalimbali ndivyo ilivyonidhihirikia kwamba wote hao, kila mtu kwa matunda ya nchi yake na mafuta ya mifugo yake, walikuwa wakijibu suala moja tu, nalo ni hili: maji yafanywe nini?

Ndani ya unga wa ngano mna protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo maadamu ni kavu hukaa kila moja kivyake. Lakini zikipata maji, na mkono ukazikanda, hushikana zikawa utando wa kunyumbuka uitwao gluteni, na utando huo ndio unaolifanya donge la chapati livutike bila kukatika. Katika ganda la pai, ambalo sifa yake ni kumong'onyoka kinywani, gluteni nyingi ni hasara, na kwa hiyo mpishi huusugua unga mkavu kwa siagi au mafuta kwanza, ili kila chembe ivikwe joho la mafuta kabla maji hayajaifikia, kisha hutia maji kidogo sana, nayo yawe baridi. Siagi, hata hivyo, si mafuta matupu: asilimia 80 hivi ni mafuta, na 16 hivi ni maji, na huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, joto ambalo jiko la pwani hulifikia saa nane za mchana bila kuwashwa moto. Mwandishi wa kile kitabu changu aliandika kwamba siagi ikatwe vipande vigumu kama kokoto; nami nasema kuwa hajapata kusimama katika jiko la bati Tanga mwezi wa Februari.

Waingereza wa kale walilikata shauri kwa njia ya mkato. Ganda lao la karne za kati lilikuwa nene na gumu, lililokandwa ili liwe chombo cha kupikia na kuhifadhia kuliko kuwa chakula, nao waliliita kwa neno lile lile ambalo leo kwao ni jeneza, ingawa zamani hizo lilikuwa na maana ya sanduku au kikapu. Maji hayakulipenya upesi ganda la namna hiyo, lakini na meno pia hayakulipenya, na sioni kuwa hiyo ni hekima ya kuigwa.

Wareno wamefika mbali zaidi. Wana pai ndogo, kiasi cha kiganja cha mtoto, iitwayo pastel de nata, ambayo asili yake ni nyumba za watawa, na mashuhuri kupita zote ni ile ya Belém, ukingoni mwa mto Tagus katika Lisbon, kwenye nyumba ya watawa wa Jerónimos. Inasimuliwa kwamba watawa walitumia ute wa mayai kukazia nguo zao, na viini vilivyobaki vikawa vingi hata ikabidi vitafutiwe kazi. Mwaka 1834 serikali ya Ureno ilizifunga nyumba za watawa wa kiume, na mwaka 1837 duka likafunguliwa karibu na pale kuuza pai hizo, nalo lingali likiuza hadi leo, na maelezo ya mapishi yake ni siri ya watu wachache. Msomaji wa pwani ana sababu yake ya kulitazama jengo lile kwa jicho la pili, kwa kuwa lilijengwa kwa msaada wa kodi ya biashara ya viungo, na chombo cha ibada cha dhahabu ambacho mfalme Manuel aliliusia, kilichomalizika kufuliwa mwaka 1506, kilitokana na dhahabu ya kodi ambayo Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa mwaka 1502. Chombo hicho sasa kimo katika jumba la makumbusho huko huko Lisbon. Dhahabu ya Kilwa ilikaa jirani na jiko la pai, na baina ya vitu hivyo viwili sijui kipi kimewafurahisha watu wengi zaidi.

Lakini turejee kwenye ganda, maana hapa ndipo nilipostaajabu. Mreno husukuma donge lake likawa jembamba, hulipaka siagi, hulikunja, hulisukuma na kulipaka tena, kisha huliviringisha kama mkeka ukawa mche mrefu, akaukata vipande vifupi. Kila kipande hukisimamisha ndani ya kibati kidogo, mzunguko wake ukatazama juu, akachovya kidole gumba katika maji na kukibonyeza kutoka katikati kwenda pembeni mpaka unga upande ukingoni. Basi mtazame mama wa Unguja au Mombasa apikapo chapati za kusukuma: husukuma, hupaka samli, huviringisha ikawa kamba, huizungusha kamba hiyo ikajilalia kama konokono, huiacha ipumzike chini ya kitambaa, ndipo huisukuma upya. Wawili hawa hawajakutana, na wanalofanya ni moja. Tabaka za unga zimetengwa na tabaka za mafuta ili zisigandamane, na moto ukizipata, maji yaliyomo hugeuka mvuke, ambao hutwaa nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yenyewe, nao katika kutafuta njia ya kutokea huzisukuma tabaka ziachane. Maji yale yale yanayoliharibu ganda likishaiva ndiyo yanayolifumua likiwa bichi.

Ndani ya ganda hilo hutiwa maziwa, viini vya mayai, shira na unga kidogo. Viini peke yake katika maziwa, joto likipita kiasi, protini zake hukazana na kuyakamua maji, mchanganyiko ukakatika. Lakini wanga wa unga ukiwamo huvimba, huyanywa maji na kuziwekea protini kizuizi zisikutane kwa pupa, hata andazi huweza kustahimili tanuri la nyuzi 300 na zaidi. Ukali huo wa moto una maana yake, kwani ganda hukauka na kukamaa kabla unyevu wa ndani haujapata fursa ya kushuka, na yale madoa meusi usoni ni kazi ya sukari iungulayo na ya mwingiliano wa sukari na protini ambao mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliueleza mwaka 1912. Huliwa moto, na mdalasini juu yake.

Watu wa Vienna wana njia nyingine, na maelezo ya kale kabisa yanayojulikana ya andazi lao, strudel, yamo katika mswada wa mwaka 1696 uliohifadhiwa katika maktaba ya mji huo. Wao gluteni hawaikimbii: huikanda kwa bidii, huipumzisha, kisha huuvuta unga juu ya kitambaa kwa migongo ya mikono mpaka mtu aweze kusoma barua iliyowekwa chini yake. Na kabla ya kupanga matofaa hunyunyiza chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi, nazo hunywa maji ya matofaa ganda likasalimika. Hila nyepesi kama hii ingenisitiri mbele ya shangazi.

Ajabu iliyo kinyume cha hayo yote ni baklava, kwa sababu Waturuki hawalilindi ganda na majimaji, bali hulimwagia shira kwa makusudi. Katika Istanbul ya masultani, siku ya 15 ya Ramadhani, askari wa Janisari walikuwa wakifika kasri la Topkapı kupokea masinia ya baklava, sinia moja kwa kila askari 10, wakaondoka nayo kwa maandamano barabarani, mpaka jeshi hilo lilipovunjwa mwaka 1826. Sasa, mbona karatasi zile za unga, nyembamba kuliko manda za sambusa, hazigeuki uji? Kwanza, zimepakwa samli, ambayo imekwisha chemshwa hata haina maji yake yenyewe. Pili, shira imepikwa mpaka ikawa nzito, na maji yaliyomo ni kama mwari aliyekwisha kuolewa na sukari, hana ruhusa ya kwenda kutembelea unga. Ndiyo maana kaimati zetu nazo, zikitiwa katika shira nzito, hubaki na ukavu wa nje, na zikitiwa katika shira nyepesi hulowa.

Wafaransa wa Lamotte-Beuvron, kusini mwa Paris, waliipindua pai yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 hoteli ya mji huo ilishikwa na ndugu wawili, Stéphanie na Caroline Tatin, na kisa kinachopendwa ni kwamba mmoja wao katika haraka alisahau unga, akaukumbuka matofaa yakiwa motoni, akaufunika juu. Kisa ni kitamu, ila mapishi ya kupindua yalikuwapo katika nchi ile kabla yao. Lililo muhimu ni kwamba matofaa hukaa chini pamoja na siagi na sukari, sukari ikaungua ikawa ya rangi ya asali, ilhali unga hukaa juu ukichomwa na joto kavu la tanuri, na mvuke wa matunda hujitokea pembeni. Ganda na maji hukutana dakika ile tu sahani inapopinduliwa, na mlaji mwenye akili hangoji.

Ile iliyonirudisha jikoni, hata hivyo, imetoka katika visiwa vya kusini mwa Florida, Marekani, ambavyo zamani havikuwa na maziwa mabichi wala barafu ya kutosha, kwa kuwa reli ilifika Key West, kimojawapo cha visiwa hivyo, mwaka 1912 tu. Wapishi wa huko walitumia maziwa mazito ya kopo, ambayo Gail Borden alipata hataza yake mwaka 1856, wakayachanganya na viini vya mayai na ndimu. Nayo ndimu ile si nyingine, ni hii hii yetu ndogo, ya ngozi nyembamba na mbegu nyingi, iliyotoka mashariki ya mbali, Waarabu wakaieneza, Wahispania wakaivusha bahari. Ndiyo Waomani wanayoichemsha kwa chumvi na kuianika mpaka ikawa nyeusi. Baada ya tufani ya mwaka 1926 mashamba ya ndimu ya visiwa hivyo yalidhoofika, lakini pai ilibaki, na tangu 2006 ni pai rasmi ya jimbo. Rangi yake ya haki ni manjano. Ikiwa kijani, mpishi ametia rangi.

Nilikamua ndimu kumi katika bakuli lenye kopo la maziwa mazito na viini vinne, nikakoroga kwa mwiko. Protini za maziwa husukumana kwa kuwa zote zina chaji ya namna moja. Asidi ya ndimu huiondoa chaji hiyo, zikashikana, na kwa kuwa sukari ni nyingi na maji ni machache, maziwa hayakatiki vipande kama yafanyavyo maziwa mabichi yakitiwa ndimu, bali huwa mazito yote kwa pamoja. Nililiona jambo hilo likitokea mbele ya macho yangu, bila moto: mwiko uliokuwa ukielea ukaanza kuacha mfereji nyuma yake. Nikaumimina mchanganyiko juu ya ganda la biskuti zilizopondwa na siagi, ambalo nilikuwa nimelichoma peke yake tangu asubuhi na kuliacha lipoe, nikavitia vyote tanurini kwa dakika 15.

Shangazi alikula vipande viwili, akaramba kijiko, akauliza kama ndimu ni za mti wa uani. Siku ya tatu yake, kile kipande kilichosalia katika kabati kilikuwa kimeanza kulainika pembeni.