Kiungo cha muda cha kupakia faili
Kiungo cha muda cha kupakia faili ni anwani ya intaneti inayomwezesha mtu kuweka faili katika hifadhi ya mwingine kwa kipindi maalumu, bila kuwa na nywila ya hifadhi hiyo.

Katika Amazon S3, huduma iliyoanzishwa Marekani mwaka 2006, kiungo hutiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa mwenye hifadhi. Saini hiyo hufunga jina la faili na muda wa mwisho, usiozidi siku 7. Anwani ikibadilishwa, seva huikataa.

Hata hivyo, seva hukagua saini tu; haimtambui anayetuma. Yeyote aliyepata kiungo anaweza kupakia faili, na faili mpya huchukua nafasi ya ile ya awali yenye jina hilohilo. Kwa sababu hiyo kiungo hupewa muda mfupi na kutumwa kwa mhusika pekee.