Hadithi Isiyo na Mwenyewe

Mtu akielezwa kwa mara ya kwanza kuhusu Dungeons & Dragons, kinachomvutia au kumchukiza ni majoka. Anaona kwenye jalada la kitabu mnyama anayetema moto, shujaa mwenye upanga na mzee mwenye fimbo, kisha anahitimisha kwamba huu ni mchezo wa watu wazima wanaojifanya watoto. Majoka yamo kweli. Lakini hayatoshi kueleza kwa nini mchezo ulioanza kuuzwa mwaka 1974 bado unachezwa, wala kwa nini marafiki wanne au watano hurudi mezani wiki baada ya wiki, pengine kwa miaka, kuendeleza hadithi ileile. Hoja yangu ni kwamba uhondo wake uko kwenye namna mamlaka ya kusimulia yanavyogawanywa. Kila aliyeketi pale ana sehemu yake ya hadithi, hakuna anayeimiliki yote, na kila mmoja amekubali, hata kama hakutamka, kwamba neno lake linaweza kushindwa mbele ya wenzake. Ukiyavunja makubaliano hayo, joka la ukubwa wowote halitaokoa jioni yenu.

Kwanza, unachezwaje? Ubao si lazima, karata hakuna, na mwisho wa siku hatangazwi mshindi. Mmoja wa kikundi ni mwamuzi: yeye ndiye aliyeandaa mji, pango au msitu, na ndiye anayesema kwa niaba ya kila aliyemo humo, kuanzia mlinzi wa lango hadi mfalme. Waliobaki wana mhusika mmoja mmoja, mwenye sifa zilizoandikwa kwenye karatasi: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Katika vijitabu vya mwanzo kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida, hivyo alama zilikuwa kati ya 3 na 18, na nafasi ya kupata 18 ilikuwa moja katika 216. Mwamuzi anaeleza kilichopo, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini. Jambo jepesi linafanyika tu. Lisilowezekana halifanyiki. Lenye mashaka linapelekwa kwenye dadu yenye pande 20.

Hapo kwenye mashaka ndipo mchezo ulipo. Tuseme mwizi wa kikundi anataka kupanda ukuta wa ngome usiku, na mwamuzi ameamua kwamba anahitaji kufikisha 15. Mtu asiye na ujuzi ana pande 6 za kumfaa kati ya 20, yaani asilimia 30. Mwizi mwenye nyongeza ya 4 atafaulu dadu ikionyesha 11 au zaidi, yaani asilimia 50. Hesabu ni ya darasa la saba, ila angalia inavyofanya kazi kati ya watu. Dadu ikitoa 6, mwizi ameanguka, na hakuna wa kulaumiwa: mwamuzi hakumwonea, wenzake hawakumpinga, na yeye mwenyewe hakukosea kuthubutu. Mwamuzi naye amelijua jambo hilo sekunde ileile na wengine, ingawa ukuta ni wake. Zaidi ya hapo, katika toleo la mwaka 2014 kuna kanuni kwamba mhusika akisaidiwa na mwenzake hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kwa mwizi wetu nafasi hupanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Waliotunga kanuni hiyo hawakuhubiri umoja popote. Waliuweka kwenye hesabu, na mchezaji mchoyo huugundua peke yake baada ya kuanguka mara kadhaa.

Sisi tuliokulia kwenye paukwa pakawa tunajua hadhira inayoitikia, lakini kuitikia kwetu hakumbadilishii sungura njia. Mezani pa mchezo huu anayeitikia anaweza kumgeuza sungura arudi alikotoka, na msimulizi analazimika kumfuata.

Historia inaonyesha kwamba mgawanyo huu wa mamlaka ulitangulia majoka kwa muda mrefu. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo wa vita wenye ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu na mwamuzi. Maofisa waliandika amri zao. Mwamuzi alizisoma, akapiga hesabu, kisha akawaambia kile tu ambacho kamanda aliye vitani angeweza kukiona. Ulikuwa mchezo mzito, wenye majedwali ya kuchosha, na mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza majedwali yawekwe kando ili mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Ubishi huo, kitabu kiamue au mtu aamue, bado unaendelea kwenye meza za leo, na sidhani kama unapaswa kuisha.

Karibu karne moja baadaye mbinu hiyo ya mwamuzi ilikuwa imevuka kutoka kambini hadi kwa vijana wa kawaida. Mwaka 1969 David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita huko Minnesota, Marekani, alibuni mji wa Kijerumani wa zama za Napoleon uitwao Braunstein. Badala ya kuwapa wachezaji majeshi, wengine aliwapa nafasi za wakazi wa mji. Mambo yakamponyoka. Wachezaji wakaanza kunong'onezana, kupanga njama, hata wawili wakataka kupigana ana kwa ana, jambo ambalo kanuni zake hazikulitarajia. Wesely aliona ameharibu kazi. Wachezaji walitaka urudiwe. Rafiki yake Dave Arneson aliichukua mbinu hiyo, mwaka 1971 akaanzisha nchi ya kubuni ya Blackmoor ambamo mhusika aliendelea kutoka kikao kimoja hadi kingine, akaongeza mashimo ya chini ya ardhi na mazimwi. Mwishoni mwa 1972 alikwenda Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax, ambaye baada ya kupoteza kazi ya bima alikuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza viatu. Gygax ndiye aliyeandika, na Januari 1974 kampuni yake ndogo, TSR, ikatoa nakala 1,000 za sanduku lenye vijitabu vitatu kwa dola 10. Majoka, kama unavyoona, yaliingia njia ikiwa imeshachongwa. Yanaweza pia kutoka: Traveller ya mwaka 1977 ilipeleka wachezaji anga za mbali, na Call of Cthulhu ya 1981 iliwafanya wapelelezi wa miaka ya 1920. Mezani hakukubadilika kitu cha msingi.

Pingamizi zito zaidi, hasa kwa wasomaji wenye dini, ni kwamba mchezo huu unacheza na mashetani. Marekani ililipitia jambo hili kwa kelele kubwa. Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 wa Chuo Kikuu cha Michigan State alitoweka, na magazeti yakasambaza dhana kwamba alipotelea kwenye njia za mvuke chini ya chuo akiucheza mchezo. Alipatikana hai, na ikabainika kwamba matatizo yaliyomkimbiza yalikuwa mengine kabisa. Lakini dhana hiyo ilizaa riwaya, na mwaka 1982 ikawa filamu, Mazes and Monsters, iliyochezwa na Tom Hanks akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata mama mmoja wa Virginia aliyefiwa na mwanawe alianzisha jumuiya ya kuupinga. TSR ilitikisika kiasi kwamba toleo la pili, la mwaka 1989, liliondoa maneno yanayomaanisha mashetani na pepo, likawapa viumbe hao majina ya kubuni. Jaribio hilo linatusaidia, kwa sababu majina yaliondoka na mchezo ukabaki vilevile: mwamuzi anaeleza, mchezaji anachagua, dadu inaamua. Kama roho ya mchezo ingekuwa kwenye mashetani, ungekufa mwaka huo. Hata hivyo mzazi anayetaka kusoma kitabu kabla ya mwanawe hafanyi ushamba. Vitabu vinatofautiana, na vipo ambavyo mimi nisingempa mtoto.

Kuna pingamizi la pili la dini ambalo Wamarekani hawakulisikia sana, nalo ni dadu zenyewe. Hakuna dau mezani, hivyo si kamari. Lakini baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu huzuia michezo ya dadu hata isiyo na dau, wakitegemea hadithi za Mtume kuhusu nardi. Sina elimu ya kuliamua hilo, na anayelijali ana mwalimu wa kumuuliza. Ninachoweza kusema ni kwamba dadu ni njia mojawapo tu ya kugawa mamlaka. Amber, mchezo uliotolewa mwaka 1991, hauna dadu hata moja: mwanzoni wachezaji wananadi pointi wao kwa wao ili kujua nani ana nguvu na nani ana akili, na baada ya mnada huo kila mmoja anaishi na alichokinunua.

Wapo wanaouona mchezo huu kutoka upande mwingine na kusema mamlaka hayagawanywi hata kidogo, kwa kuwa mwamuzi ni mfalme. Hoja hii iliwahi kufika mahakamani. Gereza la Waupun, Wisconsin, liliupiga marufuku, na ofisa wake alieleza kwamba mchezo unaoongozwa na mtu mmoja unafanana na genge lenye kiongozi. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa iliona kwamba gereza lilikuwa na sababu za kutosha. Siwezi kuwacheka maofisa hao, maana waligundua jambo la kweli, kwamba mchezo unajenga kundi na kundi lina uaminifu wake. Walichokosea ni kiongozi. Kiongozi wa genge akitoa amri, anayekataa anaumia. Mwamuzi akiwaonea wachezaji, wiki inayofuata anakaa peke yake na ramani zake. Waamuzi wabaya wapo, tena wengi: anayelazimisha hadithi ifike alikokusudia, anayempendelea mchumba wake, anayefurahia kuua wahusika. Vikundi vyao huvunjika, na kuvunjika huko ni ushahidi wa hoja yangu, kwa sababu majoka yalikuwepo hadi siku ya mwisho. Wachezaji wa siku hizi wameyafanya makubaliano yawe wazi zaidi. Meza nyingi huweka kadi yenye alama ya X ambayo yeyote anaweza kuigusa hadithi inapomgusa vibaya, na wote wanaruka sehemu hiyo bila kumtaka ajieleze.

Je, kompyuta haifanyi yote haya, tena kwa picha nzuri? Inafanya hesabu vizuri kuliko binadamu yeyote. Lakini michezo mingi ya kompyuta hujibu yale tu yaliyotazamiwa na walioiandika. Mchezaji akiamua kumwoza dada yake kwa mkuu wa majambazi ili vita viishe, mchezo wa aina hiyo hauna kitufe cha harusi. Mwamuzi atakuna kichwa, atauliza mahari ni kiasi gani, na jioni itahamia huko.

Pingamizi la gharama lina majibu mepesi. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika, TSR iliweka kwenye masanduku ya wanaoanza vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, vya kuchomoa kutoka kwenye kikombe, na watu wakacheza hivyohivyo. Kuhusu vitabu, kisa chake ni kirefu zaidi. Mchezo ambao hadithi yake haina mwenyewe ulileta ugomvi mkali wa umiliki: Arneson aliishtaki TSR mwaka 1979 kuhusu haki na malipo yake, na wakapatana 1981. TSR yenyewe ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Januari 2023 ilipojulikana kwamba Wizards inataka kukaza leseni iliyokuwa ikiwaruhusu wengine kuchapisha kazi zinazotumia kanuni zake tangu mwaka 2000, wachezaji na wachapishaji wadogo walikasirika na wengi wakafuta usajili wao kwenye huduma yake ya mtandaoni. Mwezi huohuo kampuni ilirudi nyuma, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa. Kwa maana hiyo mtu wa Morogoro au Mombasa anayetaka kuzifasiri kwa Kiswahili, na hata kuuza tafsiri yake, hahitaji ruhusa ya yeyote, mradi ataje kazi imetoka wapi. Kazi ngumu itakuwa kupata jioni moja ambayo watu watano wazima, wenye ajira, watoto na vikao vya harusi, wote wana nafasi.