Vilima vya Igwisi na Maana ya Neno Volkeno

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilipumzika Tabora, kisha ikashika njia ya magharibi kuuelekea mto Malagarasi. Nchi hiyo ni ya miombo, tambarare kwa jumla, na hapa na pale huinuka majabali ya matale yenye vichwa vya mviringo. Mgeni aweza kuyadhani kuwa milima ya moto iliyozimika. Sivyo. Matale ni mwamba ulioyeyuka ukaganda chini kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Mmomonyoko wa muda mrefu ndio uliouondolea kifuniko chake.

Volkeno za kweli za upande huo hazina umbo la kustaajabisha. Ni vilima vitatu vya Igwisi, kadiri ya kilometa 100 magharibi ya Tabora, wala hakuna kinachozidi meta 40 hivi juu ya uwanda. Lakini kila kimoja kina kasoko, na kingo zake ni majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa na mlipuko. Mlipuko ulipopungua, gesi ikiisha kutoka, lava nzito ilijaa katika vinywa hivyo, na nyingine ikafurika ikaganda. Ndani yake mna punje za madini ya olivini, zimeviringana kama mayai madogo.

Mwamba huo huitwa kimbalaiti, nao ni wa jamii ile iliyoleta almasi za Mwadui, Shinyanga. Hupanda kutoka kina cha zaidi ya kilometa 100. Kimbalaiti nyingi duniani zimekwisha kumomonyoka sehemu za juu. Za Igwisi zingali na vinywa vyake. Upimaji uliotangazwa mwaka 2012 uliona umri wa miaka 12,000 hivi, na hakuna kimbalaiti changa zaidi inayojulikana.

Hapa pana funzo kwa watunga kamusi. Lugha yetu hupambanua mlima na kilima kwa kimo, ijapokuwa hata Kilimanjaro, wenye meta 5,895, jina lake laanza kwa kilima. Kwa volkeno, kimo hakitoshi. Wala “mlima wa moto” hautoshi, kwa kuwa Igwisi si mlima, na moto wake umezimika. Yafaa neno lielezwe kwa asili yake: tundu la ardhi lililotoa mwamba ulioyeyuka, pamoja na kilichorundikana kulizunguka. Kwa maana hiyo jabali la matale, lijapokuwa refu, halimo. Na kilima cha Igwisi, kijapokuwa kifupi, kimo.