Cha muda nacho kina mwenyewe

Siku ya Jumapili katika soko la Kibuye mjini Kisumu, muuza omena aweza kukumbuka bila kuandika ni nani aliyechukua gorogoro mbili kwa mkopo na ni nani aliyelipa nusu. Kichwa chake ni chepesi kuliko kalamu. Hata hivyo, jioni hulifungua daftari.

Tarakilishi nayo ina kichwa na daftari. Kumbukumbu yake ina kasi, lakini hufutika umeme unapokatika. Diski huenda polepole, ila haisahau. Je, faili za muda, yaani zile ambazo programu hujiandikia kazini na kuzitupa baadaye, ziwekwe wapi?

Mafundi wengi wamekwisha kuamua. Fedora ilizipeleka kwenye kumbukumbu mwaka 2013. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo imeihamishia humo folda ya /tmp na kuiruhusu ichukue hadi nusu ya kumbukumbu yote. Sababu zao si za kupuuzwa: kasi huongezeka na diski haichakai upesi.

Lakini uamuzi huo wafaa mashine yenye nafasi tele. Katika duka la kupiga chapa lenye mashine kuukuu ya gigabaiti 2, faili moja kubwa ya picha huzibana programu nyingine zote. Mzigo ukizidi, mashine huusukumia kwenye diski kwa mlango wa nyuma, na ile kasi iliyotafutwa haionekani tena. Kisha stima hupotea, na sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa maana yake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza liliikumba karibu Kenya nzima.

Watetezi watasema cha muda ni cha kutupwa. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajapata kupiga upya kurasa 20 huku mteja amesimama mlangoni.

Mwenye mashine ya Debian aweza kuirejesha /tmp kwenye diski kwa amri moja, systemctl mask tmp.mount, kisha aiwashe upya. Kumbukumbu itapumua, lakini asidhani amejikinga: Debian huweza kuifagia folda hiyo yenyewe. Ipo folda nyingine, /var/tmp, ambayo haifutwi kwa kuzima na kuwasha. Huko ndiko waandishi wa programu wangepaswa kuiweka kazi ambayo mtu ametumia saa zake kuifanya, na kumbukumbu waiachie yale ambayo mashine yaweza kuyatengeneza tena yenyewe.